Mafuta Yapi? Uhakiki wa Lugha ya Kutunza Gari Kuukuu Nyumbani

Katika kazi ya istilahi tumezoea kuulizana maswali mawili kuhusu neno jipya. Kwanza, je, limeundwa kwa kufuata kanuni za lugha? Pili, je, linakubalika masikioni mwa watu? Haya ni maswali ya haki, wala hatuna nia ya kuyabeza. Lakini liko swali la tatu ambalo aghalabu husahauliwa, nalo ni hili: mtu aliye peke yake, asiye na wa kumwuliza, akilisoma neno hilo na kulifuata, je, atatenda jambo lililokusudiwa? Katika makala haya tunakusudia kulijadili swali hilo kwa mfano ambao huenda baadhi ya wasomaji wakauona mdogo, yaani lugha ya mtu anayetunza gari lake kuukuu nyumbani kwake.

Mfano huu hatukuuchagua ovyo. Fundi wa gereji hategemei sana istilahi iliyoandikwa. Amejifunza kazi kwa kuutazama mkono wa fundi aliyemtangulia, na akiambiwa "lete ile" anajua ni ipi. Mwalimu darasani naye anaweza kuchora ubaoni. Bali mwenye gari aliyelala chini ya gari lake uani, siku ya Jumapili, spana mkononi na kitabu pembeni, hana msaada mwingine ila neno. Neno likiwa na mashaka, kazi nayo itakuwa na mashaka. Na kazi ya breki haitaki mashaka.

KITABU NA GARI LENYEWE

Kitabu tulichokifanya msingi wa uhakiki huu kilitoka Marekani mwaka 1969. Jina lake ni How to Keep Your Volkswagen Alive, yaani namna ya kuiweka hai Volkswagen yako. Mwandishi wake, John Muir, alikuwa mhandisi aliyeacha kazi za ajira na kuhamia New Mexico. Alifariki mwaka 1977, lakini kitabu kiliendelea kuchapishwa. Michoro yake ilifanywa na Peter Aschwanden. Muir hakuwaandikia mafundi. Aliwaandikia watu wasiojua kitu juu ya injini, akawaahidi kwamba wakimfuata hatua kwa hatua wataweza kuitengeneza kwa mikono yao.

Gari linalozungumziwa ni Volkswagen ile ya mviringo, ambayo Wajerumani huiita Käfer na Waingereza Beetle, majina yote mawili yakimaanisha mdudu mbawakawa. Hadi la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, nchini Mexico, tarehe 30 Julai 2003, yalikuwa yametengenezwa magari 21,529,464. Afrika ya Mashariki ililifahamu mapema kwa ushupavu wake, maana lilishinda mashindano ya Safari mwaka 1954, 1957 na 1962. Injini yake iko nyuma, na hupozwa kwa upepo wa feni badala ya maji. Kwa hiyo halina rejeta. Wanaolitunza leo hawafanyi hivyo kwa sababu ya shida ya usafiri. Wanalitunza kwa mapenzi, na kwa kuwa ni gari ambalo mtu wa kawaida anaweza bado kulifungua na kulielewa.

Sifa kubwa ya kitabu hiki kwa mtu wa istilahi ni kwamba neno huja pamoja na tendo. Vifaa hutajwa kabla ya kazi kuanza, kisha hatua hufuatana, na msomaji hulipokea jina la kitu wakati ule ule anapokishika. Hatwishwi orodha ya majina mia mbili ayakariri kwanza ndipo aruhusiwe kufungua nati. Hapo pana fundisho kwetu, kwa sababu istilahi nyingi tunazochapisha hufika kwa msomaji zikiwa zimepangwa kwa alfabeti, kila moja imetengwa na jirani yake, na hakuna anayejua kama zinaweza kufanya kazi pamoja.

JARIBIO LETU

Tulifasiri kurasa chache zihusuzo kazi tano: kubadilisha oili, kupima nafasi ya tapeti, kutoa hewa kwenye breki, kuliinua gari na kukagua mkanda wa feni. Kisha tukampelekea jirani yetu, mwalimu mstaafu mwenye Volkswagen ya mwaka 1972, tukamwomba asome kwa sauti kando ya gari lake, nasi tukakaa kimya. Tulikuwa tumejivunia tafsiri yetu. Haikuwa na kosa la sarufi, na maneno ya kigeni tulikuwa tumeyapunguza kadiri tulivyoweza.

Mzee hakufika mbali. Alipofika katika sentensi iliyosema "ongeza mafuta hadi kwenye alama", aliinua miwani akatuuliza, "Mafuta yapi, wanangu?"

Tulimjibu kwamba ni ya breki, Mwalimu, kama ilivyotajwa juu. Akageuza ukurasa kurudi nyuma, akapatafuta, akapaona. Kisha akasema maneno ambayo tumeona tuyaandike hapa: "Nimewafundisha watoto miaka thelathini kwamba swali likiulizwa na mwanafunzi mmoja, wengine kumi wamenyamaza nalo." Tangu hapo tuliacha kuutetea ufasiri wetu, tukaanza kuuhakiki.

MAFUTA

Tuanze na hilo hilo. Katika kurasa zetu chache neno mafuta lilikuwa limebeba vitu vinne: petroli inayochomwa, oili inayolainisha injini, grisi inayopakwa kwenye beringi, na kile kiowevu kinachosukuma breki. Tulikuwa tumeona fahari kulitumia neno moja la Kiswahili mahali ambapo gereji hutumia manne ya kukopa.

Sasa tutazame matokeo. Kiowevu cha breki cha gari hili si mafuta hata kidogo. Kimetengenezwa kwa glikoli, kitu kinachochanganyika na maji, na kikidondokea rangi ya gari huibabua. Vipira vilivyomo ndani ya breki vimeundwa kuvumilia kiowevu hicho tu. Vikiguswa na oili ya injini au mafuta mengine yatokanayo na petroli ghafi, huvimba na kulegea. Breki huanza kushika bila kukanyagwa, au hukanyagwa zisishike. Kwa hiyo mtu aliyepungukiwa na kiowevu siku ya Jumapili, duka limefungwa, naye ameambiwa na kitabu kwamba kinachotakiwa ni aina ya mafuta, anaweza kuona busara kutia oili kidogo iliyobaki kwenye kopo. Hatakuwa mjinga. Atakuwa amelitii neno.

Huenda akatokea mwenzetu akasema kwamba istilahi kamili ni "mafuta ya breki", na kwamba maneno "ya breki" yanatosha kuondoa utata. Hatukubaliani naye kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba kivumishi huanguka njiani. Mwandishi hutaja jina kamili mara moja, kisha husema "mafuta" tu, kama tulivyofanya sisi. Ya pili ni nzito zaidi. Neno kuu katika istilahi humfundisha msomaji jamii ya kitu. Ukisema mbwa mwitu, umemwambia kwamba ni aina ya mbwa. Ukisema mafuta ya breki, umemwambia kwamba ni aina ya mafuta, na umemwambia uongo.

Kwa maoni yetu, katika maelezo ya kazi neno mafuta liachwe kabisa. Petroli iitwe petroli, oili iitwe oili, grisi iitwe grisi. Na kile cha breki kiitwe kiowevu cha breki, au breki fluidi kama wasemavyo mafundi. Kila mtu aendelee kusema "kutia mafuta" anapokwenda kituoni, kwani pale muuzaji yupo wa kuuliza. Uani hayupo.

KUKAZA TAPETI

Jambo la pili halikuwa kosa letu, bali la mazoea. Mwalimu alipoona kichwa cha habari, "Kupima nafasi ya tapeti", alisema, "Aa, kukaza tapeti." Ndivyo alivyozoea kusikia. Injini ikianza kutoa mlio wa kugonga-gonga, mwenye gari hupeleka likakazwe, na likirudi kimya hufurahi.

Ukweli wa injini hii ni kinyume. Kati ya tapeti na valvu panatakiwa nafasi ndogo, ambayo kwa injini ya mwaka 1972 ni milimita 0.15, ikipimwa injini ikiwa baridi. Joto likipanda vyuma hutanuka, na nafasi hiyo ndiyo inayoiwezesha valvu kufunga sawasawa. Valvu hupoa wakati inapokuwa imefunga, kwa kuugusa ukingo wa tundu lake. Nafasi isipokuwapo, valvu haifungi barabara, haipoi, na mwisho huungua. Tapeti inayogonga kidogo huudhi masikio tu. Ile iliyokazwa hadi ikanyamaza inaweza kuua injini bila kutoa onyo.

Basi kitenzi kukaza kinamwelekeza mwenye gari kwenye hasara, kwa sababu kinamfanya aamini kwamba ubora uko upande wa kubana. Na kitenzi kurekebisha, ambacho maofisini hupendwa sana, hakimsaidii, maana hakisemi arekebishe kuelekea wapi. "Kupima nafasi" kinasema kwamba nafasi lazima iwepo, na kwamba ina kipimo. Ni maneno mawili ya kawaida, hayakuundwa na kamati yoyote, lakini yanafanya kazi ambayo istilahi ya neno moja imeshindwa kuifanya.

Pana neno jingine dogo hapa. Tuliandika "injini ikiwa baridi". Mwalimu aligusa kifuniko cha injini, akasema, "Imekwisha poa." Ilikuwa imezimwa saa moja tu iliyopita. Tulibadilisha sentensi, ikawa: "injini iwe imelala usiku kucha bila kuwashwa". Tangu hapo hapakuwa na swali.

KAZA VIZURI

Kosa la tatu ni letu, nalo ni la aibu. Katika kurasa zile tulikuwa tumeandika "kaza vizuri" mara saba. Mara moja ilihusu nati kubwa ya ekseli ya nyuma, ambayo hufunguliwa kwa spana ya milimita 36 na hutakiwa kukazwa kwa nguvu ya karibu newtoni-mita 300. Mtu mzima huhitaji bomba refu la kuongezea mkono wa spana. Mara nyingine ilihusu zile nati sita ndogo zinazoshikilia kisahani cha chujio la oili chini ya injini, ambazo hutaka karibu newtoni-mita 7 tu, nguvu ya kiganja. Atakayezikaza hizi kwa moyo ule ule atakata skrubu zake, na oili lita 2.5 ambazo injini hii hubeba zitavuja barabarani. Atakayeikaza nati ya ekseli kwa ulaini wa hizi, gurudumu litamlegea. Sisi tuliziambia zote mbili "vizuri".

Kosa hili halihusu nomino, na pengine ndiyo sababu hatuligundui. Tumeelekeza nguvu zetu zote kwenye majina ya vitu, tukaviacha vitenzi na vielezi vijitafutie. Lakini maelezo ya kazi huendeshwa na vitenzi. Kufunga, kwa mfano, katika lugha yetu ya kila siku ni kuziba, kutia kitu mahali pake, na kukaza. Kufungua ni kuacha wazi, kulegeza, kutoa, na kuvunja injini vipande vipande. Mwandishi wa maelezo hana budi kuchagua: legeza, toa, rudisha, kaza, na akishachagua asibadilishe kwa ajili ya kupamba maandishi. Kurudia neno moja katika insha huhesabiwa udhaifu, lakini katika maelezo ya breki ni uaminifu.

JEKI NA STENDI

La nne tulieleze kwa ufupi. Tuliandika: "Inua gari kwa jeki, kisha ingia chini." Kiswahili chake ni safi. Mtu akikitii anaweza kufa. Jeki ni chombo cha kuinulia, wala si cha kushikilia. Tena gari hili hupandishwa kwa kuitia jeki katika tundu lililo ubavuni chini ya mlango, na katika gari lenye umri wa miaka 50 tundu hilo ni mahali ambapo kutu hupenda kukaa. Mtu hana ruhusa ya kuingia chini mpaka gari limekaa juu ya stendi za chuma.

Mashaka hapa yametokana na neno lililokosekana. Katika kurasa zetu jeki ilitajwa, stendi haikutajwa; na chombo kisicho na jina katika maelezo, kwa msomaji hakipo. Tunapotunga orodha za istilahi za kazi yoyote, yafaa tujiulize ni kitu gani kinachozuia ajali katika kazi hiyo, na kama jina lake limo.

TAA NYEKUNDU

Jambo la mwisho la jaribio letu lilihusu ile taa nyekundu ambayo huwaka dereva akiwasha swichi na huzimika injini ikishaunguruma. Tuliiita taa ya chaji, kama iitwavyo kote. Jina si la uongo, kwani taa hiyo huonyesha kwamba dainamo haizalishi umeme. Lakini katika gari hili mkanda mmoja huzungusha dainamo na feni ya kupoza injini kwa pamoja. Mkanda ukikatika, taa huwaka, na papo hapo injini haina cha kuipoza. Gari halina mshale wa kuonyesha joto. Dereva aliyesoma "chaji" atawaza juu ya betri, atajiambia kwamba betri itamfikisha nyumbani, na kabla hajafika injini itakuwa imeharibika.

Hatupendekezi taa hiyo ipewe jina jipya. Tunasema kwamba palipo na ishara ya hatari, jina halitoshi bila amri. Tuliandika upya: "Taa ya chaji ikiwaka njiani, simama, zima injini, tazama mkanda." Hivyo ndivyo maelezo yanavyoweza kulikamilisha neno ambalo lenyewe limepungua.

KASORO ZA KITABU

Uhakiki usiotaja kasoro ni matangazo ya biashara, kwa hiyo tuseme na haya. Muir aliandika kwa maili na kwa sehemu za inchi, ilhali gari lenyewe lilibuniwa kwa milimita; mfasiri wa Kiswahili asibebe vipimo hivyo, arudi kwenye vile vya gari. Pili, ucheshi wake, ambao Wamarekani wengi waliupenda, haufasiriki kwa urahisi, na mfasiri atakayejaribu kuubeba mzima mzima atapata maneno yanayochekesha pasipotakiwa. Tatu, Muir aliandika kwa ajili ya nchi ambamo vipuri vya gari hilo vilipatikana karibu kila mji. Mwenye gari wa Tanga au Kisumu leo huagiza kipuri na kukingoja, kwa hiyo maelezo yake yanahitaji sura ambayo Muir hakuiandika: namna ya kutambua kama kipuri cha zamani kinaweza kungoja pamoja naye au la.

Lakini sauti yake tunaionea wivu. Anazungumza na msomaji kama mtu aliye kando yake. Sisi tulikuwa tumeandika "gari linapaswa kuinuliwa" na "uangalifu unatakiwa kuzingatiwa", kana kwamba hakuna mtu anayeinua wala anayeangalia. Kiswahili kina njia nzuri ya kumwamrisha mtu kwa heshima: inua, usiingie, ngoja, hakikisha. Bibi akimfundisha mjukuu kupika hasemi "chumvi inapaswa kutiwa".

MAPENDEKEZO

Kutokana na hayo tunapendekeza mambo manne kwa wenzetu wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wanaoandaa maelezo ya kazi.

(a) Istilahi za ufundi zipimwe kazini kabla ya kusanifishwa. Asome mtu mmoja asiye fundi, kwa sauti, kando ya kitu chenyewe, na mtungaji akae kimya.

(b) Neno la kukopa lililokwisha pambanua vitu katika vinywa vya mafundi lisiondolewe kwa ajili ya neno la Kiswahili linalovichanganya. Oili na grisi si uvamizi wa lugha yetu. Zinafanya kazi ambayo mafuta peke yake haiwezi kuifanya.

(c) Orodha za istilahi ziwe na vitenzi, na kila kitenzi kiwe na maana moja katika maelezo yale.

(d) Palipo na hatari ya maisha, jina lisitajwe bila amri yake.

Tulipomrudishia mwalimu kurasa zilizosahihishwa, alizisoma mwanzo hadi mwisho akiwa amechutama mbele ya gari, kifuniko cha mbele kimeinuliwa, pale ambapo chombo cha kiowevu cha breki hukaa. Hakuuliza kitu. Alitia kidole kwenye mstari, akakitazama chombo, akautazama mstari tena, kisha akafungua chupa mpya. Hatukuambiwa kwamba tafsiri ni nzuri, wala hatukungoja kuambiwa. Tulimwona amekanyaga breki mara tatu, na mara zote tatu pedali ikasimama juu.